Naomba ushauri: nihuishe mkataba kwenye mtaa wa wasanii au nihame?

Habari zenu wanajamvi. Naombeni mawazo yenu, mkataba wangu wa nyumba unaisha mwezi ujao na bado sijaamua.

Nimepanga chumba na sebule karibu na katikati ya jiji, mtaa wenye majumba ya sanaa, studio za wachoraji, kuta zilizochorwa na kumbi za muziki. Naupenda kwa dhati. Kazini naenda kwa miguu, dakika 15 tu, hata gari niliuza. Shida ni kelele. Ukumbi wa nyuma yetu unapiga muziki Alhamisi hadi Jumamosi mpaka saa nane usiku. Nimeweka mapazia mazito, nimeziba nyufa za dirisha kwa mpira, nikahamishia kitanda upande wa pili. Sauti za watu zimepungua, lakini besi bado inapenya ukutani. Meneja wa ukumbi alinisikiliza vizuri, akapunguza wiki mbili, kisha ikarudi palepale.

Mwenye nyumba naye anataka kupandisha kodi kwa asilimia 20. Wachoraji wawili wa ghorofa ya chini wameshahama kwa sababu hiyo, na inaniuma, maana watu kama wao ndio walioufanya mtaa huu upendwe.

Kuna aliyefanikiwa kupunguza besi kwenye nyumba ya kupanga bila kubomoa ukuta? Na nikiomba mkataba wa miaka miwili ili ongezeko lishuke, niijenge vipi hoja yangu kwa mwenye nyumba?

Natanguliza shukrani.