Mrejesho: nyanya zangu za Nakasongola, Uganda, na kiangazi cha Desemba

Habari zenu wakuu. Desemba niliwauliza jinsi ya kuokoa mashina 40 ya nyanya wakati maji nanunua kwa dumu la lita 20 kutoka kwa kijana wa boda. Asanteni sana mliojibu.

Nilianza na chupa za plastiki: unatoboa kifuniko kwa sindano ya moto, unaifukia kichwa chini kando ya shina. Siku ya pili udongo ulishaziba matundu. Nikamsikiliza yule mama wa Masaka aliyenijibu hapa, nikafunga kitambaa cha pamba mdomoni kabla ya kufukia. Hapo ndipo maji yakaanza kutoka polepole. Chupa ya lita moja na nusu naijaza jioni, kesho yake mchana bado ina tone. Madumu yakashuka kutoka manane hadi matatu kwa siku.

Matandazo ya nyasi, yaani nyasi za kufunika udongo usikauke, ndiyo yaliyoniponza. Huku mchwa ni wenyeji kuliko sisi. Walimaliza nyasi, wakahamia kwenye mashina, 11 yakaenda. Majivu yalisaidia siku chache tu. Sasa nimezungushia mawe bapa. Unyevu unakaa, na mawe hawayali.

Matunda ya kwanza yalioza kitako, yakawa meusi, kosa langu la kumwagilia leo na kusahau kesho. Yaliyofuata ni mazima. Jumamosi nimechuma beseni moja, na mke wangu ameacha kuniita mkulima wa chupa.