Uskoti kwenye ardhi za uwindaji: Balmoral, Blair Atholl au Mar Lodge?

BintiPangani: Habari zenu wapendwa. Mama anakuja kutoka Tanga mwezi wa nane, nataka nimpeleke Highlands, nyanda za juu za Uskoti, akaone zile ardhi kubwa ambazo mabwana walikuwa wakiwinda ayala. Magoti yanamsumbua, na gari sina. Mliofika, nishaurini.

KakaGlasgow: Karibu dada. Kwa Agosti, Balmoral iondoe. Imekuwa ya familia ya kifalme tangu 1852, na mpaka leo ndiko wanakopumzika kiangazi. Mfalme akishafika, wageni hatuingii.

MamaSalma: Mpeleke Blair Atholl, mwanangu. Stesheni ipo pale pale kijijini, kwenye njia ya Perth kwenda Inverness. Hakikisha tu treni yenu inasimama. Kasri ni jeupe, na mnara wake ulianza kujengwa 1269. Mimi nilikwama kwenye ukumbi wa dansi: pembe za ayala ukutani, safu juu ya safu, hata shingo ikaniuma kwa kutazama juu. Ngazi ni nyingi, aende taratibu. Akichoka, mkakae kwenye bustani ya Hercules.

Msafiri_Leicester: Kwa treni MamaSalma yuko sahihi, ila moyo wangu uko Mar Lodge. National Trust for Scotland, shirika la hifadhi, wanaimiliki tangu 1995. Huko nyuma ayala waliachwa wakazaana kwa ajili ya wawindaji, wakawa wanatafuna kila chipukizi, misonobari ikazeeka bila warithi. Sasa ayala wanapunguzwa. Kwenye bonde lake la Glen Quoich niliinama nikaona msonobari mchanga, urefu wa kiganja, ncha yake nzima haijaguswa na jino. Nilikaa nao kama robo saa. Lakini basi linaishia kijiji cha Braemar, na kutoka hapo hadi Linn of Dee, ndani ya ardhi hiyo, ni kama kilomita 10. Kwa Mama, hapana. Na usubi wa jioni wanauma vibaya.

KakaGlasgow: Mkifika Blair Atholl, msogelee bonde la Glen Tilt. Mwaka 1847 Duke wa Atholl, bwana mwenye ardhi hiyo, alimzuia profesa Balfour na wanafunzi wake wa botania wasipite bonde hilo. Leo, kwa sheria ya ardhi ya Uskoti ya 2003, yeyote anapita kwa miguu bila kuomba ruhusa, mradi asiharibu.

BintiPangani: Ahsanteni sana, ni Blair Atholl. Nimemsomea Mama kwa simu. Hilo bonde limemkaa rohoni, anasema atatembea humo hata hatua mia.

MamaSalma: Mnunulie koti la mvua kabla hamjapanda treni.