Tupeane uzoefu: wenye majina ya Arjuna na Krishna, maana yake mliipata wapi?

Mwanzisha mada (Mombasa)

Naitwa Arjun. Wenzangu wa shule ya msingi hawakuweza kulikatisha jina kwenye konsonanti, wakawa wananiita Arjuna, nami nikawasahihisha kwa miaka mingi, mpaka kuhani wa hekalu letu aliponieleza kwamba wao ndio waliokuwa sahihi: katika Kisanskriti, lugha ya kale ya India, jina hili ni Arjuna, na irabu ya mwisho imedondoka katika Kigujarati tunachokizungumza nyumbani. Maana yake ni kitu cheupe, kinachong'aa kama fedha. Jina hili ni la ukoo mmoja na neno la Kilatini *argentum*, yaani fedha, ambalo ndilo lililoipa Argentina jina. Kwa kuwa mimi ndiye mweusi kuliko ndugu zangu wote, mnaweza kukisia utani nilioupata.

Kilichonituliza ni kisa kimoja cha Mahabharata, utendi mrefu wa kale wa Wahindu, ambamo Arjuna ni mmoja wa mashujaa. Katika mwaka wa 13 wa uhamisho wake, Arjuna anajificha kwa mfalme Virata akiwa amevaa mavazi ya kike, akifundisha ngoma na nyimbo kwa jina la Brihannala. Wavamizi wanapokuja kuteka ng'ombe, anatoka akiendesha gari la vita la mwanamfalme Uttara, kijana aliyejigamba sana mbele ya wanawake wa jumba na ambaye alitaka kukimbia mara tu alipoliona jeshi. Arjuna anapojitambulisha, Uttara hasadiki; anamtaka ayataje majina kumi ya Arjuna, na sababu ya kila moja. Naye anayataja: Dhananjaya, kwa kuwa alizishinda nchi na kutwaa mali zao; Savyasachi, kwa kuwa huvuta upinde kwa mkono wowote kati ya miwili; na mengineyo. Anapolifikia jina Arjuna anasema kwamba rangi yake ni adimu duniani, na kwamba matendo anayoyatenda ni meupe. Nilipokisoma kipande hicho nilikuwa na miaka 19, nikakirudia mara tatu.

Wengine mlielezwaje?

Mchangiaji wa pili (Mwanza)

Mimi si Mhindu, lakini nilisoma Pune, India, kwa miaka minne, na jina hili nililijua kwanza kama mti. Mama mwenye nyumba alikuwa akichemsha magome yake kila asubuhi kwa ajili ya moyo wake, akiyaita magome ya arjun. Mti wenyewe ni wa jamii moja na mkungu tunaoujua pwani, ila gome lake ni laini, la kijivu cheupe, na hubanduka vipande vipande, kiasi kwamba jioni shina huonekana kama limepakwa chokaa. Hakuna aliyehitaji kunifafanulia maana ya jina baada ya hapo.

Mchangiaji wa tatu (Nairobi)

Mimi ni mwanamke na naitwa Krishna. Nilipoomba pasipoti, karani aliliona jina, ambalo wengi hulijua kama la mungu wa kiume wa Wahindu, akaandika kwamba mimi ni mwanamume, na kulirekebisha kosa hilo kulinigharimu safari tatu. Ukweli ni kwamba Krishna maana yake ni mweusi, na katika Kisanskriti jina la kike hutofautiana na la kiume kwa kurefusha irabu ya mwisho tu, jambo ambalo herufi za pasipoti hazilionyeshi. Aliyelibeba jina hilo la kike ni Draupadi, mke wa Arjuna na ndugu zake katika Mahabharata, aliyezaliwa kutoka katika moto wa madhabahu akiwa na ngozi nyeusi na uzuri uliowashangaza wafalme. Jina Draupadi lenyewe humaanisha tu binti wa mfalme Drupada. Krishna ndilo linalomtaja yeye mwenyewe. Wanaodhani kwamba wazee wetu waliuona weusi kuwa aibu hawajausoma ukurasa huo.

Mwanzisha mada

Ahsante sana, dada. Maneno yetu mawili hukutana hata katika Rigveda, mkusanyo wa nyimbo takatifu za Wahindu, ambayo ni ya kale zaidi kuliko Mahabharata: katika utenzi mmoja wa kitabu cha 6 usiku unaitwa siku *krishna* na mchana siku *arjuna*, nazo zinazunguka pamoja.

Mchangiaji wa nne (Dar es Salaam)

Kwetu Wagujarati anayetoa jina ni shangazi, nami ndiye shangazi. Mtoto wa kaka yangu, aliyezaliwa Leicester, Uingereza, atapewa jina siku ya sita, ambayo ni Ijumaa. Watoto wanne watashika pembe za kitambaa, mtoto akiwa amelazwa katikati pamoja na jani la mpipali, mti mtakatifu kwetu, wambembeze huku wakiimba, kisha jina litoke kinywani mwangu. Nyota yake ni Mesha, yaani Kondoo, kwa hiyo herufi nilizopewa za kuanzia jina ni A, L na I. Nilikuwa nimeegemea jina lingine, lakini baada ya kisa cha Uttara nimempigia kaka. Amekubali, kwa sharti moja, kwamba nilitamke pamoja na ile irabu ya mwisho, nami nitalitamka hivyo kwa simu, kwa kuwa viza haikutoka.