Deikea ya mwanangu watoto 14 wananawa kwenye beseni moja, nimwambieje bi mkubwa?

mama_tabata
Wapendwa naombeni ushauri. Mwanangu ana miaka 2 na miezi 8, kaanza deikea mwezi wa tatu huku Tabata maana dada wa kazi aliondoka na mimi likizo nimeshaimaliza. Mahali penyewe pazuri, mama mwenye deikea anawapenda watoto hadi raha, asubuhi mtoto anamkimbilia bila kulia. Sasa juzi niliomba ruhusa kazini nikakaa pale mpaka saa 4 muda wa uji, nikaona watoto wote 14 wamepanga foleni mbele ya beseni moja, kila mmoja anachovya mikono anatoa anafutwa na taulo lile lile anapita mwingine, mpaka wa mwisho maji yamekuwa rangi ya chai ya maziwa. Na kabla ya hapo yule binti msaidizi nilimuona katoka kubadilisha nepi, kajifuta kwenye kanga yake, kashika vikombe. Toka aanze pale mwanangu kaharisha mara 3, ya mwisho tulilala zahanati katundikiwa dripu. Bi mkubwa ni wa umri wa mama yangu, naogopa ataona namdharau, na kumhamisha mtoto sitaki. Nianzie wapi?

nesi_kliniki
Pole sana mama. Mimi niko kliniki ya watoto, na nikwambie ukweli hilo beseni sio kunawa, ni kugawana. Mmoja akiwa na vimelea vya kuhara anawaachia wote walio nyuma yake. Kazi ya sabuni ni kung'oa mafuta na uchafu uliogandia kwenye ngozi pamoja na vimelea vyake, alafu maji yanayotiririka ndio yanawabeba, sasa yasipotiririka wataenda wapi? Wanamsubiri mwenzie. Mtoto asugue kama sekunde 20, katikati ya vidole na kwenye kucha, waimbishwe wimbo mfupi itatosha. Kabla ya kula, akitoka chooni, akitoka kuchezea mchanga, akipenga kamasi. Na mlezi akitoka kwenye nepi anawe kwa sabuni HATA kama mtoto alikuwa amekojoa tu. Sanitaiza isiwadanganye, mikono yenye uji na mchanga haiisaidii. Na msiseme mbona kachanjwa, chanjo ya rota tunayo Tanzania toka 2013 na imesaidia sana ila inazuia rota peke yake, vya kuharisha viko vingi. Akiharisha tena mpe ORS (ile dawa ya unga ya kuchanganya na maji) na zinki siku 10 mpaka 14, usiache zinki eti kwa sababu choo kimekuwa kigumu siku ya tatu.

baba_wawili
Mimi naona mnamuonea huyo mama. Sisi tumekua tunakula sinia moja watoto kumi, tunakunywa maji ya kisimani, na tuko hai. Mtoto anahitaji uchafu kidogo ajenge kinga. Kwa ada tunazolipa uswahilini mnataka aweke masinki ya hoteli?

mlezi_moro
Baba wawili nakuheshimu lakini tunaosimulia ni tuliobaki. Mama yangu alizaa 9 tukakua 6, na wawili kati ya hao watatu waliondoka kwa kuhara, wote hawajafika miaka mitatu. Acheze na udongo, sawa, ila kinyesi cha mwenzie kwenye uji hakimjengei kitu.

Mama Tabata, mimi nina deikea Morogoro mwaka wa 6 na beseni nilianza nalo kama yeye, sio kwamba hatuwapendi watoto, asubuhi uko na watu wawili na watoto wanalia njaa, beseni ndio haraka. Kilichonibadilisha ni shangazi yangu, aliniuliza mgeni akija kwako unamnawishaje? Si unamletea jagi na beseni, unammiminia, maji machafu yanaanguka chini? Sasa mbona mgeni unammiminia na mtoto unamchovyesha? Nilinyamaza. Nikaanza na jagi siku hiyo hiyo, baadae nikanunua ndoo ya koki nikaiweka juu ya stuli fupi wanayoifikia wenyewe. Kama hela hakuna kuna kibuyu chirizi, dumu la lita 5 linatobolewa tundu, linaning'inizwa, kamba inashuka mpaka kwenye kijiti, mtoto anakanyaga maji yanatoka, hashiki kitu. Sabuni ya mche unaikata kipande unaitoboa unaining'iniza pembeni. Maji yanatumika machache mno kuliko unavyofikiri.

Usiende mikono mitupu na usimwambie mbele ya binti wake. Nenda jioni, mpe shikamoo yake, mwambie mtoto alilazwa (hilo nina hakika hajui vizuri), alafu sema mama nimekuletea ndoo.

mama_tabata
Nimerudi. Nilienda ijumaa jioni na ndoo ya koki na miche miwili ya sabuni. Nilipomwambia kuhusu dripu alikaa chini kabisa, akasema mbona hukuniambia mwanangu, kumbe nilikuwa namwambia tu "alikuwa anaumwa" basi. La mgeni na jagi nililisema pia, akamwita binti mwenyewe akamuonyesha. Leo asubuhi nimekuta ndoo iko nje chini ya mwembe na vigoda viwili. Limebaki taulo. Nina kanga kuukuu nyumbani, nakata vitambaa 14 nishone kila kimoja na alama yake mtoto akitambue, wa kwangu kachagua samaki.