WRX STI ya mkononi kwa mizunguko ya kila siku hapa Mbeya, nitaiweza au itanitoa roho?

MtuWaIsyesye:
Wakuu habari za jioni. Kuna jamaa pale Mafiati anauza Subaru Impreza WRX STI ya 2004, namba C, manyo gia sita, ile ya bluu yenye rimu za dhahabu, mnaijua. Hii gari naiota tangu niko sekondari, mwaka 2003 Petter Solberg anachukua ubingwa wa dunia wa rali na Impreza, sisi tunagombania gazeti tuone picha tu. Sasa naishi Isyesye, kazi Mbalizi, asubuhi nashusha watoto wawili Soweto, mwisho wa mwezi nashuka Tukuyu kwa mama. Kwa sasa nina Toyota IST, haina shida yoyote, na hiyo ndo shida yenyewe 😀

Jana jamaa kanipa niijaribu, nikapanda nayo mlima wa Iwambi. Pale ambapo IST nazima AC naanza kuomba dua nyuma ya semi, hii ilikuwa gia ya tatu na bado inataka kwenda, nimefika juu natetemeka mikono. Nyumbani nimeambiwa hiyo ni gari ya wahuni. Nauliza wanaoitumia KILA SIKU, sio ya wikiendi na kupiga picha. Wese, spea, mafundi, ikoje?

NjombeKwaBaridi:
Ukishauliza wese mkuu hiyo gari sio yako 😂😂

Boksa_Uyole:
Usimsikilize huyo. Mi ninayo ya 2003, mwaka wa nne huu, naendea kazini, sokoni, msibani, kote.

Hicho ulichokisikia Iwambi sio mapenzi tu, kina sababu. Mbeya tuko kama mita 1,700 juu ya bahari, hewa ni nyepesi, gari isiyo na tabo inapoteza kama asilimia 15 ya nguvu au zaidi kabla hujakanyaga chochote. Ndo maana gari inayosifiwa Dar ikifika huku inakuwa mzee. Tabo inaisindika hewa kwanza ndo inaipeleka kwenye injini, kwa hiyo zile hospawa 280 za kwenye karatasi huku unazipata karibu zote, wenzako wanahema. Alafu inasukuma matairi yote manne, sasa fikiria Tukuyu mwezi wa nne, mvua na ukungu, maganda ya ndizi barabarani, kona juu ya kona, gari imeshika tu kama imegundishwa. Mi raha yangu iko hapo kwenye kupita lori haraka na kurudi upande wangu salama, mambo ya spidi mia mbili sijui nitayafanyia wapi.

Sasa machungu. Wese mjini napata kilomita 7 kwa lita, nikiwa na hasira 6. Klachi ni nzito, na tangu waanze kupanua barabara njia nne ile foleni ya malori Mwanjelwa inakuumiza goti la kushoto kweli kweli. Iko chini, matuta unayapanda kwa ubavu kama kaa, hizo daivashen za vumbi ndo usiseme. Na tochi, Igurusi mpaka Inyala kila kijiji mwisho spidi 50, elfu 30 zako zinaondoka na gari hiyo bluu hata ukiwa 40 trafiki anakusimamisha akuangalie tu.

Kingine, baridi ya mwezi wa sita ukiiwasha alfajiri usiikanyage. Mi nawasha, navaa viatu, namtafuta mtoto soksi, ndo natoka, na dakika kumi za kwanza tabo siiamshi. Ukitoka safari ndefu iache iungurume kidogo kabla hujazima, ile tabo inazunguka zaidi ya mara laki moja kwa dakika na kinachoilinda zaidi ni oili.

FundiMwanjelwa:
Gari nzuri ila wengi mnauziwa maiti iliyopakwa rangi. Usinunue kabla haijapimwa kompresheni, yaani presha ya ndani ya silinda, zote nne, namba ziwe karibu karibu, moja ikiwa chini ondoka hata kama amepunguza milioni mbili. Mwambie muuzaji ASIIWASHE kabla hujafika, uikute ya baridi, wakiipasha mapema wanaficha moshi. Chomoa dipstiki angalia oili, hizi injini zikikaukiwa oili beringi za konrodi ndo zinaondoka kwanza, ikishapata moto kanyaga kidogo usikilize chini, ukisikia tok tok tok rudisha funguo. Muulize taimingi belti imebadilishwa lini, ni kila kilomita laki moja, na hii ikikatika valvu zinagongana na pistoni, hapo ni injini nyingine. Mwenye gari akijibu "sijui ila haina tatizo" ujue haijabadilishwa.

Kamwene_Ipogolo:
Kamwene wakuu. Nilikuwa nayo, niliuza. Yangu aliyenitangulia aliichezea, kaongeza presha ya tabo, kaweka ekzozi ya makelele, mi nikaona nimepata bahati kumbe nimebeba deni lake. Miezi mitano injini ikagonga napanda Kitonga, usiku, familia ndani, nikavutwa na kamba mpaka Ilula. Injini ya mkononi nikaagiza Dar, nikaikalia gereji wiki saba napanda bajaji. Ikichezewa tu mkuu usiiguse, tafuta iliyobaki kama ilivyotoka kiwandani hata kama rangi imechoka.

Ila niseme ukweli, mpaka leo nikisikia ule muungurumo wa boksa, hii injini ya Subaru ya silinda zilizolala, mjini nageuka. Mke wangu ananicheka.

MamaPacha_Igawilo:
Na mimi nichangie maana humu mnaongea kama wanawake hatuendeshi. Nina Forester ya tabo, ile XT, otomatiki. Ukoo mmoja na hiyo ya kwako ila iko juu, matuta napita, mapacha na magunia ya viazi vinaingia, na mlimani lori naliacha vilevile. Hospawa sio 280 lakini nani anazihesabu. Shemeji yetu hapo nyumbani mpeleke akaijaribu hiyo STI mwenyewe, tena umwachie usukani kwenye mlima. Mi mume wangu alikuwa anasema hivyo hivyo gari ya wahuni, sasa hivi funguo nazitafuta mimi.

Boksa_Uyole:
Mama pacha umemaliza 😂 Ila XT nayo belti na oili ni zile zile, asije akadhani amekwepa. Na mkuu IST usiuze kama unaweza, hii gari kuna wiki italala gereji inasubiri spea na watoto wanatakiwa shule.

MtuWaIsyesye:
Ndaga fijo wote. Nimempigia jamaa nikamuuliza belti, kajibu "haijawahi kusumbua". Fundi nimecheka peke yangu. Jumamosi saa moja asubuhi naenda na mtu wa kupima kompresheni, nimemwambia asiiwashe, akaguna. IST siuzi. Mke kakubali kuja ila kasema anakuja kuangalia siti ya nyuma tu.

NjombeKwaBaridi:
Jumamosi jioni tunasubiri majibu. Na kilomita kwa lita utuambie 😂