Tupeane uzoefu: Babu zetu wa Keya (King's African Rifles, jeshi la Waingereza la askari wa Afrika Mashariki) waliopelekwa Burma (Myanmar ya leo) walisimulia nini nyumbani?

Wakuu, salaam. Vitabu vingi vya Vita vya Pili vya Dunia vinawapa babu zetu aya moja tu, ilhali Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki ndiyo iliyowasukuma Wajapani katika bonde la Kabaw mvua zikinyesha, mwaka 1944, hadi Kalewa kwenye mto Chindwin. Mwenye simulizi ya kwao alete.

Naanza. Babu mzaa baba alisimulia matope kuliko risasi. Magari yalizama, mizigo ikabebwa kichwani, chakula kikadondoshwa na ndege. Kifurushi kikiangukia kwa adui, mnalala njaa. Asubuhi wanapangwa mstari, kila mmoja anapewa kidonge cha njano cha malaria, na afande haondoki mpaka amemeza. Ngozi ziligeuka njano. Babu aliporudi, bibi alidhani ana ugonjwa wa ini!

*

Sisi Machakos hatuna simulizi, tuna pengo. Kaka yake bibi alipanda meli ya askari, Khedive Ismail, pale Mombasa, Februari 1944. Tarehe 12, karibu na Maldives, nyambizi ya Kijapani I-27 iliipiga ikazama kwa kama dakika mbili. Walikufa watu 1,297, wengi wao wapiga mizinga wa Afrika Mashariki. Nyambizi ikajificha chini ya manusura, na manowari za Uingereza zikatupa mabomu ya kulipukia chini ya maji kuisaka watu wakiwa bado wanaogelea. Hapo ndipo mimi nashindwa kusamehe. Bibi alikufa akiuliza kaburi liko wapi.

*

Pole sana ndugu. Babu yetu alirudi salama na nishani ya Nyota ya Burma, ya shaba, ncha sita. Mama anaihifadhi kwenye mkebe wa majani ya chai. Kilichomuuma ni malipo. Kiinua mgongo kilipangwa kwa rangi ya ngozi: mzungu wa cheo kilekile alipata zaidi. Kenya, wazungu waliotoka vitani waligawiwa hata mashamba. Babu alirudia jembe lake, na utepe wa nyota alikataa kuuvaa mpaka anazikwa.

*

Ndugu wa Machakos, nenda makaburi ya vita ya Ngong Road, Nairobi. Kuna mnara wenye majina ya waliozama na meli hiyo. Ukiwa na namba yake ya jeshi, njoo nayo. Majina yanafanana sana.