Naomba ushauri: nisubiri uzinduzi wa Apple wa Septemba au ninunue simu sasa?

Mpiga Picha (mleta mada)
Wakuu, salaam. Nataka kuhamia iPhone kwa ajili ya kazi ya picha na video. Simu niliyonayo inazima ghafla ikiwa bado inaonyesha chaji asilimia 30, mara nyingi katikati ya kurekodi. Hela ipo. Kinachonikwamisha ni tetesi za Septemba: huyu anasema kamera inabadilishwa yote, yule anasema bei inapanda. Nisubiri? Na nyie tetesi mnazichujaje?

Fundi Kimya
Mkuu, angalia kwanza tetesi imetokea wapi. Zipo zinazotoka mahali ambapo kampuni haina pa kujificha. Chukua tundu la kuchajia la USB-C. Bunge la Ulaya lilipitisha Oktoba 2022 kwamba simu mpya zinazouzwa huko ziwe nalo ifikapo mwisho wa 2024. Baada ya hapo hukuhitaji mvujisha siri yeyote, na iPhone 15 ikaja nalo Septemba 2023. Mwaka 2017 nako Apple wenyewe waliachia mapema programu ya spika ya HomePod. Watu wakaichimbua, wakakuta mchoro wa simu isiyo na kitufe cha chini pamoja na dalili za kufungua simu kwa uso. Haukupita muda, ikatangazwa iPhone X. Hizo ndizo za kushika. Za "nina mtu wangu kiwandani" ziache zipite.

Dada Mdadisi
Nakazia kwa Fundi. Hata wavujishaji wakiimba wimbo mmoja, wanaweza kukosea wote. Kabla ya Apple Watch Series 7, mwaka 2021, michoro ya saa yenye kingo bapa ilisambaa kila kona. Ilipotoka, kingo zilikuwa za mviringo vilevile. Ukiona tovuti nyingi zinasema jambo moja, fuatilia kama zote hazimnukuu mtu yuleyule.

Mzee wa Vifaa
Na kutangazwa si kuuzwa. AirPower, ile pedi ya kuchaji vifaa vitatu kwa pamoja, ilionyeshwa jukwaani Septemba 2017, ikafutwa Machi 2019 bila kufika dukani. Usipange kazi zako kwa kitu ambacho hujakishika.

Mpiga Picha
Nimewaelewa, shukrani sana. Na bei je?

Fundi Kimya
Bei ndiyo sababu ya maana ya kusubiri. Toleo la kawaida la mwaka uliopita mara nyingi hushushwa dola 100 mpya ikitangazwa. iPhone 15 ilianza na dola 799, ilipokuja 16 Septemba 2024 ikawa 699. Pro, yaani toleo la bei ya juu, ni habari nyingine: hiyo Apple huiondoa dukani kwao, unabaki kutafuta masalio kwa wauzaji wengine. Kama unalenga ya kawaida, weka betri mpya kwenye simu yako ikuvushe hadi hapo.

Dada Mdadisi
Fundi, hapo kwenye betri sikubaliani nawe. Huyu anarekodi kazi za watu. Simu ikizima katikati, mteja harudi, na mteja mmoja akipotea hizo dola 100 zimeshakwenda. Mpiga Picha, kama una kazi za kukabidhi kabla ya Septemba, nunua sasa.

Mpiga Picha
Kazi ninazo, tena mbili ni za wateja wapya. Basi nachukua toleo la kawaida lililopo wiki hii. Kuna anayejua kama hifadhi ya GB 128 inatosha kwa video za 4K?